Jino moja la Galula halitoshi

Jirani yangu hapa Uyole ana bucha, na swali la makala haya ni lake. Redio ilikuwa imetaja dinosaria mpya mla nyama, aliyetambuliwa nchi za mbali kwa kipande cha taya na pingili chache za mgongo. Jirani akaweka panga juu ya gogo.

"Mwalimu, hii kazi mimi nimeanza nikiwa kijana. Niletee mfupa mtupu, hauna ngozi wala nyama, nitakwambia huyu ng'ombe, huyu nguruwe. Ila ukinichanganyia wa mbuzi na wa kondoo, hapo usiniulize. Sasa hao wanajuaje kuwa huyu ni mpya, na hata hao wa zamani hakuna aliyewahi kuwaona wakitembea?"

Nilimjibu harakaharaka nikaondoka na nusu kilo yangu. Jibu lilikuwa bovu. Hili hapa ndilo nililopaswa kumpa.

Kwanza, kuhusu mbuzi na kondoo yuko sahihi kuliko anavyojua. Wanaakiolojia wanaochambua mifupa ya majiko ya kale wanasumbuliwa na jambo hilohilo, na mara nyingi huandika tu "mbuzi au kondoo" kisha wakaendelea na kazi. Wanyama wawili, mifupa karibu ileile. Geuza upande wa pili: chukua jogoo wa kienyeji aliyezeeka Tukuyu na kuku wa nyama wa wiki sita kutoka banda la hapa Uyole, uwachemshe mpaka ibaki mifupa. Ungeapa si ndugu, kumbe wote ni kuku. Kwa hiyo anayetangaza spishi mpya, yaani aina mpya ya mnyama, ana mitego miwili njiani: kuona mmoja pale walipo wawili, na kuona wawili pale alipo mmoja.

Tuifanyie kazi nyumbani. Ukitoka Mbalizi ukashuka kuelekea Mkwajuni unapita Galula, na joto linakupokea kabla hujavua sweta ulilotoka nalo Mbeya. Huku chini, kwenye bonde la ufa la Rukwa, mito ya msimu imekata miamba myekundu ya mchanga. Ni mashapo ya mito ya enzi ya Kretasia, ya takriban miaka milioni 100 iliyopita. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, watafiti Patrick O'Connor, Nancy Stevens, Eric Roberts na wenzao, wakishirikiana na Watanzania wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wamekuwa wakirudi huku kuchimba. Miamba hiyo imeshatoa dinosaria watatu wenye majina: Rukwatitan bisepultus mwaka 2014, Shingopana songwensis mwaka 2017 na Mnyamawamtuka moyowamkia mwaka 2019. Usicheke jina la mwisho, tutalirudia.

Wote watatu ni walaji wa majani, majitu ya shingo ndefu. Na aliyekuwa akiwala yuko wapi? Yupo, ila anajulikana kwa meno na mabaki machache tu. Hilo halishangazi. Nenda Ruaha uhesabu swala, kisha uhesabu simba. Mla nyama siku zote ni mchache kuliko anaowala, na mifupa ya dinosaria walao nyama ilikuwa na uwazi ndani, kuta zake nyembamba, rahisi kupondwa na mto. Meno ni habari nyingine. Yalikuwa yakidondoka na kuota upya maisha yote, kama ya mamba, hivyo mnyama mmoja aliacha meno mengi sana ardhini na mwili mmoja tu.

Sasa tuseme mtu anayechunga ng'ombe pale Galula ameokota jino. Ni bapa, limepinda kwenda nyuma, na kwenye kingo zake kuna vijino kama vya msumeno wa kukatia vyuma. Mtaalamu atapima urefu, upana na unene wa shina lake, atahesabu vijino vilivyomo ndani ya milimita tano, atatazama vimekaaje. Kwa vipimo hivyo anaweza kusema "huyu alikula nyama", na akibahatika, "huenda ni wa kundi fulani". Kusema "hii ni spishi mpya" kwa jino moja ni kujitafutia aibu.

Onyo lenyewe limetoka kwenye miamba hiyohiyo. Mwaka 2010 O'Connor na wenzake walimtangaza Pakasuchus kapilimai, mnyama wa ukubwa wa paka wa nyumbani. Sehemu ya pili ya jina inamuenzi Profesa Saidi Kapilima wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Ya kwanza ni "paka" wetu huyuhuyu, akiunganishwa na neno la Kigiriki linalomaanisha mamba. Alikuwa na magego ya kusaga yanayokutana juu na chini kama ya mamalia, lakini fuvu na mwili vilikuwa vya ukoo wa mamba. Kama yangeokotwa magego peke yake, nani asingeyaweka kwenye droo ya mamalia? Jino linaeleza zaidi chakula cha mnyama kuliko ukoo wake.

Na wapo waliojikwaa hapo, tena watu wakubwa. Miaka ya 1920 wataalamu wawili Wafaransa walimpa jina dinosaria mla nyama wa Algeria kwa kutegemea meno mawili. Mwaka 1914 mifupa ya mnyama mkubwa ilikuwa imechimbwa Bahariya, Misri, na kupelekwa Munich. Mjerumani Ernst Stromer alipoichambua, akaona meno yanafanana na yale ya Algeria, na mwaka 1931 akaitangaza kuwa ni ya spishi hiyohiyo, akiiita Carcharodontosaurus saharicus. Aprili 1944, wakati wa vita, mabomu yakaangukia Munich na mifupa yote ikateketea. Ikabaki michoro na maandishi. Baadaye fuvu zuri likapatikana Morocco, nalo likawekwa chini ya jina lilelile, na kwa miaka mingi watu walisoma kuhusu mnyama mmoja aliyetawala Afrika Kaskazini yote.

Kisha picha za zamani za mifupa ya Munich, ambazo hazikuwahi kuchapishwa, zikaibuliwa kwenye hifadhi ya nyaraka. Zilipolinganishwa na fuvu la Morocco, hesabu ikakataa: wa Misri ana pembe puani, meno yana umbo lake, sehemu ya ubongo nayo ina tofauti. Mwaka 2025 akapewa jina lake, Tameryraptor markgrafi. Spishi mpya imetambuliwa kwa picha za mifupa ambayo haipo tena duniani! Nilipolisoma hilo mara ya kwanza nilirudia sentensi.

Lakini ngoja. Nimesema "hesabu ikakataa" kana kwamba ni jambo rahisi. Unahesabu nini hasa? Hapa ndipo redio huwa inakatisha matangazo, na hapa ndipo penye kazi yenyewe.

Kuna watu huku kwetu wanaodai Kinyakyusa na Kihehe ni ndugu wa karibu sana kwa sababu Mnyakyusa husema umundu na Mhehe husema munu, wote wakimaanisha mtu. Hoja hiyo haina nguvu, kwa kuwa neno hilo, kwa sura moja au nyingine, limeenea katika lugha za Kibantu kuanzia Kameruni mpaka Afrika Kusini. Ni urithi wa babu wa mbali mno, hauwezi kukuonyesha nani amezaliwa tumbo moja na nani. Ukitaka kuthibitisha kwamba lugha mbili ni dada, tafuta mabadiliko yaliyotokea kwao tu, wengine hawanayo. Na jihadhari na vya kuazima: tunasema "shule" kwa sababu ya Wajerumani, na hakuna anayesema Kiswahili ni mtoto wa Kijerumani.

Mifupa inasomwa hivyohivyo. Kuwa na miguu minne ni kama umundu na munu, hakukuambii kitu. Meno ya msumeno yanaweza kuwa kama "shule": kenge wa Komodo anayo, papa anayo, baadhi ya mamba wa kale walikuwa nayo, kila mmoja kwa njia yake, kwa sababu meno hayo yanakata nyama vizuri. Kinachotafutwa ni sifa mpya zinazoshirikiwa na wachache. Theropodi, yaani kundi la dinosaria walao nyama na jamaa zao, wana zao: mifupa yenye uwazi, vidole vitatu vya kukanyagia, na katika wengi wao ule mfupa wa kifuani wenye umbo la V. Kama unaona umeshaishika sifa hizo zote ukiwa jikoni, hujakosea. Kuku ni theropodi. Ndege wote wametoka humo.

Basi mtaalamu hutengeneza jedwali. Kila mstari ni mnyama, kila safu ni sifa: tundu la nyonga limetoboka? Mfupa wa paja una kigongo hapa? Anaweka 1 kwa ndiyo, 0 kwa hapana, na alama ya kuuliza pale mfupa uliposhindwa kupatikana. Jedwali linaweza kuwa na mamia ya sifa. Kompyuta hujaribu kupanga koo kwa namna nyingi, na upangaji unaopendelewa ni ule unaohitaji mabadiliko machache zaidi. Mnyama wa jino moja ana mstari uliojaa alama za kuuliza, na kompyuta itamtupa popote.

Alama moja ya kuuliza inaweza kukaa miaka zaidi ya themanini. Ushahidi upo hukuhuku kusini, katika bonde la mto Ruhuhu, upande wa Ludewa na Songea. Mwaka 1933 Mwingereza Rex Parrington alichimba huko mabaki ya mtambaazi mwembamba mla nyama, mkubwa kuliko kenge. Alan Charig akayachambua miaka ya 1950, akampa jina Teleocrater katika tasnifu yake, lakini hakulichapisha rasmi. Mifupa ilikuwa pungufu, na iliyokosekana ni ile iliyokuwa ikihitajika kuliko yote: kifundo cha mguu.

Kwa nini kifundo? Kwa sababu ukoo mkubwa walimo dinosaria umegawanyika pande mbili, upande wa mamba na upande wa ndege, na kifundo ndicho kilichokuwa kikitumika kama kitambulisho. Kwa mamba, mifupa miwili ya kifundo inazungukana, mmoja una kigingi na mwingine kishimo, na kisigino kimetokeza. Kwa ndege, kifundo ni bawaba iliyonyooka kama ya mlango. Bila kifundo, Charig alibaki mlangoni.

Mwaka 2015 Sterling Nesbitt na wenzake wakarudi Ruhuhu na kupata mabaki ya wanyama wengine wa aina hiyohiyo, na vifundo vikiwemo. Vilikuwa vya mamba. Kesi imekwisha? Hata kidogo. Alama za misuli kwenye mifupa, pingili za shingo na kishimo juu ya fuvu vyote vilimvuta upande wa ndege. Ikabidi ikubalike kwamba kitambulisho chenyewe ndicho kilichokuwa na kasoro: kifundo cha mamba ndicho kilichokuwa cha zamani, na upande wa ndege ulikiacha baadaye, Teleocrater akiwa bado hajakiacha. Umundu na munu tena. Mwaka 2017 akatangazwa rasmi, Teleocrater rhadinus, na Charig, aliyefariki mwaka 1997, akawekwa miongoni mwa waandishi. Mimi hilo la kumweka marehemu kwenye orodha linanigusa kuliko kifundo.

Huyo si dinosaria, ni ndugu wa mababu zao, na jina lake linasema hivyo hivyo: Teleocrater ni "bakuli kamili", kwa sababu tundu la nyonga yake limezibwa chini kama bakuli, wakati la dinosaria limetoboka. Ninamtaja kwa sababu ndiye mla nyama wa nyanda zetu mwenye faili nene kuliko wote, na faili hilo linaonyesha kazi inavyokwenda.

Kujua ukoo ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni kuonyesha kwamba ndani ya ukoo huo huyu si yeyote tunayemjua. Hapo inatakiwa angalau sifa moja ambayo hakuna ndugu yake aliye nayo, au mchanganyiko wa sifa usioonekana kwingine. Na hapa ndipo narudi kwa Mnyamawamtuka moyowamkia. Eric Gorscak na O'Connor walipotazama pingili za mkia wa mnyama huyu wa mto Mtuka, aliyegunduliwa mwaka 2004, waliona zina umbo la moyo zikitazamwa kwa nyuma. Wenzake hawana. Wakaliweka umbo hilo kwenye jina: mnyama wa Mtuka, moyo wa mkia. Shingopana naye ameitwa kwa shingo yake iliyovimba. Mzungu anayesoma majina haya lazima atafute kamusi. Mtoto wa darasa la tatu pale Mbalizi anayasoma na kuelewa mnyama ana nini. Ni nadra sana sayansi kutupendelea namna hiyo.

Lakini tofauti nayo huweza kudanganya. Mfupa uliolala chini ya tani za mashapo ndani ya bonde la ufa hupindika. Mifupa ya Shingopana ilitobolewa na wadudu kabla haijafukiwa. Rukwatitan alizikwa, mto ukamfukua kidogo, ukamzika tena, na ndiyo maana ya bisepultus: aliyezikwa mara mbili. Lazima uulize kama hiyo sifa ya ajabu ni ya mnyama au ni ya kaburi.

Halafu kuna umri, mtego ulio mbaya kuliko yote. Mwaka 1942 huko Montana, Marekani, lilipatikana fuvu dogo linalofanana na la Tyrannosaurus rex. Mwaka 1988 likapewa jina Nanotyrannus. Wengi wakapinga: huyo ni mtoto wa T. rex, mnampa jina mtoto kama spishi yake! Ubishi ukadumu zaidi ya miaka thelathini, na hauwezi kumalizwa kwa kutazama umbo, kwa kuwa hata mtoto wa binadamu ana kichwa kikubwa na miguu mifupi. Unamalizwa kwa msumeno. Mfupa wa mguu hukatwa, ukasagwa mpaka uwe mwembamba wa kupitisha mwanga, kisha ukawekwa chini ya hadubini. Ndani yake kuna mistari ya ukuaji kama ya mti uliokatwa, na mnyama akiacha kukua, mistari ya nje hubanana. Mwaka 2025 Lindsay Zanno na James Napoli walitangaza kwamba mnyama mmoja wa aina hiyo alikuwa na umri wa takriban miaka 20 na ukuaji wake ulikuwa umefikia mwisho. Mtu mzima mfupi si mtoto. Nanotyrannus akarudishiwa jina lake.

Mambo ya ofisini nitayapita upesi. Jina jipya halisimami hewani. Linafungwa kwenye kielelezo kimoja halisi chenye namba, kilichowekwa mahali ambapo mtafiti yeyote anaweza kwenda kukishika. Maelezo huchapishwa, wenzako wakayapitia kwa jicho kali. Huku kwetu, visukuku, yaani mabaki ya kale yaliyogeuka mawe, ni mali ya taifa chini ya Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, na uchimbaji unahitaji kibali. Kazi ya kutoa mfupa ni polepole: unafukuliwa kwa brashi na patasi, unafunikwa karatasi, kisha unazungushiwa magunia yaliyochovywa kwenye plasta, hogo lilelile wanalofungwa waliovunjika mguu. Na kabla haujatolewa, unachorwa ulivyolala, kwa sababu mfupa uliohamishwa bila kuandikwa tabaka lake umepoteza umri wake.

Na hata baada ya yote hayo, jina linaweza kuhamishwa nyumba. Elaphrosaurus wa Tendaguru, Lindi, alipewa jina na Werner Janensch mwaka 1920, mifupa mizuri ila bila kichwa. Kwa miongo alihesabiwa na jamaa wa dinosaria wanaofanana na mbuni. Mwaka 2016 Oliver Rauhut na Matthew Carrano wakamhamishia ukoo mwingine kabisa, ambao mmoja wao, Limusaurus wa China, alikuwa akipoteza meno yote akikua. Huenda theropodi wetu huyo hakuwa hata mla nyama. Atakayepata fuvu ndiye atakayetueleza.

Jumamosi nikarudi buchani na haya yote. Jirani alisikiliza huku akikata.

"Kwa hiyo lile jino la Galula halina jina."

"Halina. Litawekwa kwenye droo, litapewa namba, litaandikwa ni la theropodi, basi. Linasubiri mwili."

Nikamwambia pia nilichokuta kuhusu mbuzi na kondoo: ule mfupa wa mguu wa mbele, chini ya goti, wa mbuzi huwa mfupi na mpana kidogo, wa kondoo ni mwembamba. Akaosha mikono, akainama kwenye ndoo ya miguu ya supu, akachomoa miwili na kuiinua kwenye mwanga wa mlangoni. Akaigeuza. Akaiweka mmoja kulia, mmoja kushoto, akanitazama kwa furaha ya mtu aliyeshinda.

Kisha akachomoa wa tatu. Akaushikilia juu ya wa kulia, akaushikilia juu ya wa kushoto, akarudi kulia. Mteja aliyekuwa nyuma yangu akauliza kama kuna maini.

"Subiri kwanza, mama," akasema, na hakuinua macho.